Kisiki cha Keith: tunachokosea kuhusu Colin Hendry

Scotland inarudi Kombe la Dunia. Usiku wa tarehe 18 Novemba 2025, pale Hampden Park, iliichapa Denmark 4-2 katika mechi ambayo mabao yake mawili ya mwisho yalipatikana dakika za nyongeza, na nchi ambayo haikuonekana kwenye mashindano hayo tangu 1998 ikakata tiketi ya Marekani, Canada na Mexico. Wiki mbili na ushee baadaye droo ikaipanga Kundi C pamoja na Brazil, Morocco na Haiti. Wenye kumbukumbu walicheka: mwaka 1998 kule Ufaransa Scotland ilikuwa kundi moja na Brazil na Morocco hao hao, wa nne akiwa Norway. Ndiyo maana jina la nahodha wa kikosi kile, Colin Hendry, limeanza kusikika tena hata kwenye vibanda umiza vyetu, ambako nusu ya waliokaa kwenye mabenchi hawakuwa wamezaliwa wakati ule. Na linatajwa kwa namna mbili. Kambi ya kwanza inasema Scotland ya leo ina viungo na mafulbeki wa kujivunia, ila imekosa beki katili wa kizamani, mtu wa kumkanyaga mshambuliaji dakika ya tano ili awe mpole hadi dakika ya tisini. Kambi ya pili inacheka: Hendry yupi, si yule aliyepigwa kanzu, yaani kupitishiwa mpira juu ya kichwa, na Paul Gascoigne wa England pale Wembley kwenye mashindano ya Ulaya ya 1996?

Kambi zote mbili zimemkosa mtu huyu. Hendry alikuwa beki mgumu kwelikweli, na wanaomsifu kwa hilo hawajadanganya. Tatizo ni pale wanapoutafuta ugumu wenyewe. Wanautafuta kwenye mbavu, kwenye viwiko, kwenye nywele zake ndefu za rangi ya dhahabu zilizolowa jasho na matope. Mimi nasema ulikuwa kwenye hatua mbili alizozipiga kabla mshambuliaji hajajua mpira unaenda wapi, na hatua hizo alizipata kwa sababu aliwahi kuwa mshambuliaji yeye mwenyewe. Anayetaka Scotland itafute Hendry mwingine kwa kupima vifua vya mabeki atapata mtu wa kadi nyekundu, na anayemcheka kwa kanzu ya Wembley anacheka kitendo kile kile kilichoifanya timu yake ifungwe mabao machache kuliko Scotland yoyote tuliyoiona miaka ya karibuni.

Alizaliwa Desemba 1965 katika mji mdogo wa Keith, kaskazini mashariki mwa Scotland, eneo linalojulikana kwa wiski kuliko kwa mpira. Alianza soka la kulipwa Dundee mwaka 1983, na huko alikuwa akitumiwa mbele. Hakuwa mfungaji wa kutisha. Mabao yake ya Dundee ni machache mno kumpa mtu jina. Machi 1987 Blackburn Rovers, wakati huo klabu ya daraja la pili England, ikamnunua kwa pauni 30,000. Mwezi huohuo akafunga bao pekee kwenye fainali ya Full Members' Cup dhidi ya Charlton pale Wembley, kombe ambalo leo hakuna anayelikumbuka isipokuwa watu wa Blackburn. Ni hapo Blackburn, chini ya kocha Don Mackay, ndipo alipogeuzwa beki wa kati moja kwa moja. Mwaka 1989 Manchester City ikamchukua kwa pauni 700,000, akachaguliwa mchezaji bora wa klabu katika msimu wake wa kwanza, kisha City ikamleta beki Keith Curle kwa pauni milioni 2.5 na Hendry akajikuta hana nafasi. Novemba 1991 akarudi Blackburn, ambako tajiri wa chuma Jack Walker alikuwa ameanza kumwaga pesa na Kenny Dalglish alikuwa na mwezi mmoja tu kwenye kiti cha ukocha. Katika majina yote makubwa yaliyonunuliwa kwa pesa za Walker, huyu alikuwa miongoni mwa ya mwanzo na ya bei rahisi.

Kilichofuata kinajulikana. Blackburn ilipanda daraja mwaka 1992, ikamaliza ya pili nyuma ya Manchester United mwaka 1994, na tarehe 14 Mei 1995 ikatwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya England kwa pointi 89 dhidi ya 88 za United, siku ambayo yenyewe ilifungwa 2-1 Anfield na kuokolewa na sare ya United kwa West Ham. Tusimpambe Hendry kwa takwimu zisizo zake: msimu ule Blackburn iliruhusu mabao 39 katika mechi 42, wakati United iliruhusu 28. Haukuwa ukuta bora kuliko wote England. Ubingwa uliletwa kwanza na mabao 34 ya Alan Shearer. Hata hivyo wachezaji wenzake walipopiga kura ya kikosi bora cha ligi cha mwaka huo, walimweka Hendry katikati ya ulinzi pamoja na Gary Pallister wa United, na walimchagua tena mwaka 1998. Hiyo ni kura ya watu waliokuwa wakipambana naye kila Jumamosi, na naiamini kuliko kumbukumbu za mashabiki, nikiwemo mimi.

Sasa tumwangalie kazini. Beki wa kati wa kawaida wa wakati ule, namba tano wa kiingereza, alisimama nyuma ya mshambuliaji, akamwacha apokee mpira, kisha akamgonga. Ndiyo picha ya beki katili tuliyonayo vichwani. Hendry alifanya kinyume. Mpira ukiwa bado mguuni kwa kiungo wa timu pinzani, yeye alikuwa amekwisha kuondoka mahali pake, akitokea ubavuni mwa mshambuliaji, akinyoosha mguu au akijirusha kwa kichwa mbele ya mtu aliyekuwa akisubiri pasi ile. Ukitazama mechi nzima za Blackburn za miaka ile, tofauti na vipande vya dakika mbili, unaona jambo la kushangaza: kwa mtu mwenye sifa ya ubabe, migongano yake mingi ilitokea baada ya mpira kuondoka. Mpira aliupata yeye kwanza, na mshambuliaji aliyechelewa ndiye aliyemparamia. Damu na matope vilivyompa jina vilikuwa malipo ya kuwahi. Na mpira ulipompita, alikuwa na kipaji cha pili, kujitupa mbele ya shuti. Tarehe 8 Mei 1995, Blackburn ilipoifunga Newcastle 1-0 pale Ewood Park huku ikishambuliwa kipindi cha pili karibu chote, kipa Tim Flowers alipata sifa zote, na alizistahili. Lakini mechi kama zile zilikuwa pia za yule namba tano aliyekuwa akifika kwenye mpira kabla haujamfikia Flowers.

Kwa nini aliwahi? Hapa ndipo historia yake ya Dundee inapoingia. Mtu aliyecheza mbele anajua mshambuliaji anataka nini kabla ya pasi: anajua ukimwona ametupa jicho begani anatafuta nafasi ya kugeuka, anajua akirudi hatua moja anakuvuta ili mwenzake aingie nyuma yako. Beki aliyelelewa nyuma tangu utoto anajifunza mambo haya kwa kuumizwa nayo. Hendry aliyafahamu kwa kuyafanya, na kwa kuwa hakuyafanya vizuri sana, pengine alikuwa na muda wa kutafakari kwa nini mabeki walikuwa wakimshinda.

Wala hayuko peke yake, na ndiyo sababu nasema jambo hili ni kubwa kuliko mtu mmoja. Kenny Burns wa Glasgow ndiye aliyekuwa mfano wa beki katili wa Scotland kabla ya Hendry, mtu asiye na meno ya mbele na asiye na marafiki uwanjani. Kabla Nottingham Forest haijamsajili mwaka 1977 alikuwa akifunga mabao Birmingham City, kama mshambuliaji. Sifa yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba Peter Taylor, msaidizi wa kocha wa Forest Brian Clough, alimfuatilia kwa siri hadi kwenye mbio za mbwa kujua kama ni mcheza kamari wa kutisha kama ilivyosemwa. Clough akamrudisha katikati ya ulinzi. Msimu wake wa kwanza, Forest iliyokuwa imetoka kupanda daraja ikatwaa ubingwa kwa kuruhusu mabao 24 tu katika mechi 42, na waandishi wa soka wa England wakamchagua Burns, yule mkorofi, mchezaji bora wa mwaka 1978. Yakafuata makombe mawili ya Ulaya, 1979 na 1980. Burns mwenyewe amesimulia jinsi Clough alivyomtoza faini ya pauni 50 kwa kupiga pasi ya pembeni kukatisha eneo lake la penalti. Tazama kilichotozwa faini: uamuzi mbovu wa pasi. Kuhusu rafu, Clough hakuwa na shida na mabeki wake mradi wasizicheze ovyo wala wasibishane na mwamuzi.

Na Willie Miller, nahodha wa Aberdeen iliyoifunga Real Madrid fainali ya Kombe la Washindi mwaka 1983 kule Gothenburg? Naye aliingia Aberdeen kama mshambuliaji, akapelekwa kwa mkopo Peterhead kufunga mabao, kisha akageuzwa beki wa mwisho. Alicheza mechi 65 za timu ya taifa. Hao ni watatu, wa vizazi vitatu vilivyopishana kidogo kidogo, wote wakiitwa wababe, wote wakiwa wamewahi kucheza upande wa pili wa mpira.

Mtu atanijibu, na kwa haki, kwamba watatu hawatoshi kuwa sheria. Ron Yeats, jitu la kocha Bill Shankly pale Liverpool, hakuwahi kuwa mshambuliaji wa kusemwa. Billy McNeill, aliyeinua Kombe la Ulaya la Celtic mwaka 1967, alilelewa kama beki. Tena wapo washambuliaji kibao waliojaribiwa nyuma wakashindwa, na hao hatuwataji kwa sababu hatuwajui. Yote nakubali. Sisemi kwamba kila mshambuliaji butu ni Hendry aliyejificha. Nasema tu kwamba tukitaka kujua ni nini hasa kilichowafanya hawa watatu wawe wagumu kupitika, maelezo ya misuli hayatoshi. Nchi ile haijawahi kukosa watu wenye misuli. Waliokuwa wachache ni wale waliojua mpira utaangukia wapi.

Ushahidi wenye uzito zaidi uko kwenye timu ya taifa. Hendry aliitwa kwa mara ya kwanza Mei 1993 akiwa na miaka 27, umri ambao mabeki wengine wamekwisha kuchoka, na akafikisha mechi 51. Chini ya kocha Craig Brown, Scotland ilicheza mechi 10 za kufuzu Euro 96 ikafungwa mabao 3. Ikacheza mechi 10 nyingine za kufuzu Kombe la Dunia 1998, ikafungwa tena mabao 3. Mabao 6 katika mechi 20. Linganisha na kikosi cha kocha Steve Clarke kilichotushangilisha Novemba 2025: mechi 6 za kufuzu, mabao 7 ya kufungwa. Brown hakuwa na wachezaji wa kutisha, kwa hiyo alijenga mfumo wa mabeki watatu ambao, kwa maoni yangu, ulisukwa kumzunguka Hendry. Colin Calderwood na Tom Boyd, watu watulivu wasiopenda makeke, walikaa pembeni yake wakimlinda mgongo, ili yeye awe huru kuondoka kwenda kukatiza. Uhuru huo ulikuwa na bei. Kila alipoondoka aliacha shimo, na mfumo wote ulitegemea wenzake walizibe kabla adui hajaliona.

Hapo sasa tuizungumzie ile kanzu, maana ndiyo hoja dhaifu kuliko zote na ndiyo inayorudiwa kuliko zote. Tarehe 15 Juni 1996, Wembley, kwenye Euro 96, England inaongoza 1-0 kwa bao la Shearer. Scotland inapata penalti, Gary McAllister anapiga, David Seaman anapangua kwa kiwiko. Muda mfupi baadaye mpira uko upande wa pili wa uwanja, Darren Anderton anamwinulia Paul Gascoigne, Hendry anakuja. Gascoigne anaudokoa mpira kwa mguu wa kushoto ukapita juu ya kichwa cha Hendry, anamzunguka, na kabla haujatua anaupiga kwa mguu wa kulia ukampita Andy Goram, kipa aliyekuwa mwenzake wa Rangers. Mbili bila. Hendry yuko chini kwenye nyasi. Picha hiyo imeonyeshwa mara nyingi kuliko dakika zote nyingine za maisha yake ya soka zikijumlishwa pamoja.

Wanaoitumia kama ushahidi kwamba Hendry alikuwa mzito na mjinga hawajajiuliza alikuwa akifanya nini pale. Alikuwa akifanya kazi yake ya kila siku, kwenda kuukuta mpira kabla mpokeaji hajatulia. Timu ilikuwa imepanda kutafuta bao la kusawazisha, na ukisimamisha picha pale Gascoigne anapodokoa, kati yake na Goram hakuna Mskoti mwingine isipokuwa Hendry. Angefanya nini? Angerudi nyuma, angempa kiungo bora wa England wa kizazi chake nafasi ya kugeuka, kuinua kichwa na kuchagua pembe. Alichagua kukatiza, uamuzi ambao mwaka mzima kabla ya hapo ulikuwa umemlipa, na akakutana na mtu aliyefanya jambo ambalo hata yeye hakulifanya tena kwenye jukwaa kubwa kama lile. Beki anayekatiza akifaulu, hakuna picha. Mpira umetoka, mchezo unaendelea, mtangazaji anataja mpira wa kurusha. Akishindwa mara moja, wajukuu wake wataonyeshwa. Willie Miller naye, pamoja na ustadi wake wote, dunia inamkumbuka kwa kugongana na Alan Hansen kule Málaga mwaka 1982 na kumwachia Shengelia wa Umoja wa Kisovieti njia nyeupe. Na Jack Hendry wa kikosi cha sasa, ambaye jina limegongana tu na la Colin, anabebeshwa bao la Patrik Schick la Euro 2020 lililopigwa karibu na mstari wa kati, eti kwa sababu shuti lake lilizuiwa upande wa pili wa uwanja. Scotland ina bahati mbaya ya kuhukumiwa kwa vipande vya video.

Lakini ipo hoja ngumu dhidi ya Hendry, na wanaomcheka kwa kanzu wangefaidika kuitumia hiyo badala yake. Je, angecheza leo? Beki wa kati wa sasa anaanzisha mashambulizi. Anapewa mpira akiwa amebanwa na wawili, anatakiwa atoe pasi ya mita thelathini kwenye mguu wa kiungo. Hendry akipata mpira aliutoa. Kuna dalili kwamba hata zama zake mwenyewe zilianza kumwacha: mwaka 1998 Rangers ilimnunua kwa pauni milioni 4, akabeba makombe matatu ya Scotland msimu wa 1998-99, lakini kocha Dick Advocaat, Mholanzi aliyetaka mpira uanzie nyuma kwa pasi, hakumtegemea kwa muda mrefu, na mapema mwaka 2000 alikuwa amehamia Coventry. Kuanzia hapo ni Bolton, ambako alisaidia kupanda Ligi Kuu mwaka 2001, na mwisho Blackpool. Hili silipingi. Ningeongeza tu kwamba lilikuwa tatizo la miguu yake akiwa na mpira, na kwamba miguu hufundishika. Mtoto wa leo mwenye jicho la Hendry angefundishwa pasi tangu ana miaka 8. Kumfundisha mtu mwenye pasi nzuri aone hatari sekunde moja kabla ya wengine, hapo makocha wengi wamekwama.

Kisha kuna suala la ukatili wenyewe, ambao mashabiki wake hupenda kuupitia harakaharaka. Tarehe 28 Machi 2001, Hampden, Scotland ikiichapa San Marino 4-0, Hendry mwenye miaka 35 alifunga mabao mawili kati ya matatu tu aliyowahi kuifungia nchi yake. Katika mechi hiyohiyo alimpiga kiwiko Nicola Albani, mchezaji wa akiba wa San Marino. Mwamuzi hakuona. Kamera ziliona, na FIFA ikamfungia mechi sita. Hakuvaa tena jezi ya taifa. Kwa anayetaka beki katili, hii ndiyo mechi ya kuitazama, kwa sababu ni moja ya nyakati chache ambapo Hendry alikuwa kweli kile anachosifiwa kuwa. Kiwiko kile hakikuzuia bao lolote. Hakikumwogopesha yeyote wa maana. Wapinzani walikuwa watu wenye kazi zao za ofisini wanaocheza mpira jioni. Kilimaliza kazi ya miaka minane kwa aibu. Ukatili, ulipojitokeza peke yake bila lile jicho, ulimgharimu yeye na timu yake, na hakuna shabiki anayeweza kunionyesha pointi hata moja ulioileta.

Wanaotamani zama zile wanasahau pia kwamba sheria zilikuwa zikibadilika chini ya miguu ya Hendry mwenyewe. Mwaka 1992 makipa walikatazwa kudaka pasi za kurudishiwa na mabeki wao. Kabla ya Kombe la Dunia 1998 FIFA iliagiza waamuzi watoe kadi nyekundu kwa anayemvaa mtu kwa nyuma kwa namna ya kuhatarisha. Beki wa kugonga kwanza na kuuliza baadaye alianza kufa hapo, miaka mingi kabla ya VAR, waamuzi wa video, kumalizia. Hendry alivuka mabadiliko yote mawili na bado mwaka 1998 wenzake wakamchagua kikosi bora. Angekuwa mtu wa kugonga tu, asingevuka. Katika mechi ya ufunguzi ya mwaka huo, Juni 10 pale Stade de France, alisimama mbele ya Ronaldo aliyekuwa mshambuliaji wa kuogopwa kuliko wote duniani. Brazil ilishinda 2-1, kwa bao la kona la César Sampaio mapema na bao la kujifunga la Tom Boyd, mpira uliomgonga baada ya kipa Jim Leighton kuokoa. Ronaldo, aliyemaliza mashindano na mabao manne, siku hiyo aliondoka mikono mitupu. Siku 13 baadaye Morocco ikaichapa Scotland 3-0 kule Saint-Étienne, na hapo ndipo palionekana mfumo wa Brown ukivunjika: Salaheddine Bassir na wenzake hawakusubiri pasi za miguuni, walikimbia nyuma ya Hendry, kwenye lile shimo, na timu iliyokuwa ikihitaji ushindi ilikuwa imepanda mno kuliziba.

Mechi hiyo ndiyo ningemwonyesha Clarke kabla ya safari. Ratiba inaipa Scotland Haiti tarehe 13 Juni 2026 na Morocco tarehe 19, zote Boston, kisha Brazil tarehe 24 kule Miami. Morocco tunaifahamu vizuri huku kwetu; ndiyo iliyoitoa Taifa Stars robo fainali ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa bao 1-0 pale Benjamin Mkapa Agosti 2025, na hicho hakikuwa hata kikosi chao cha kwanza. Timu za Morocco hazikupi mwili wa kugonga. Zinakuvuta, zinasubiri beki atoke, zinapitisha mtu nyuma yake. Ukimpeleka mbele yao beki wa kifua na hasira atapata kadi ya njano kabla ya dakika ya ishirini, kisha atacheza saa nzima iliyobaki akiogopa kugusa mtu. Kinachotakiwa ni beki anayejua lini atoke na lini abaki, na wawili pembeni yake wanaojua kwamba akitoka kazi yao imebadilika. Clarke amewahi kutumia mabeki watatu kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia wanne kwenye mechi za kufuzu. Nionavyo mimi, mabao 7 katika mechi 6 ni sababu tosha ya kurudi kwenye watatu, angalau kwa Morocco na Brazil.

Swali gumu zaidi ni la baada ya Juni. Njia iliyomleta Hendry imefungwa karibu kabisa. Alitoka mji mdogo, akacheza mbele kwa miaka kadhaa bila mafanikio, akanunuliwa kwa bei ya kutupa, akageuzwa akiwa mtu mzima, akaitwa timu ya taifa akiwa na miaka 27. Leo mtoto anapangiwa nafasi mapema, na akifika miaka 18 bila kufunga mabao anaachwa aende zake. Hakuna anayekaa kumwuliza kama angependa kujaribu nyuma. Chama cha soka cha Scotland kina fedha za Kombe la Dunia zinazoingia mwaka huu. Kabla ya kuzitumia kutafuta vijana warefu wenye mabega mapana, kingeanza na orodha ya washambuliaji walioachwa na vituo vya klabu kubwa miaka mitatu iliyopita, wale ambao ripoti zao zinasema wanasoma mchezo vizuri ila hawafungi.